Mkusanyaji Naye Mhakiki: Katuni za Nast, Beji za Kampeni na Nusu ya Doti

Utangulizi

Mwaka jana, katika semina ya nadharia ya fasihi, nilisema ningependa kuandika juu ya katuni za kisiasa za zamani na vitu vya kampeni za urais ambavyo watu huvikusanya: beji, tepe, mabango, vitambaa. Mwenzangu mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa sauti, "Hiyo nayo fasihi?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka pia kwa sababu sikuwa na jibu. Mwalimu hakucheka. Aliniambia, "Binti, lete hoja. Mapenzi yako tumeshayasikia." Makala haya ndiyo hoja niliyochelewa kuileta.

Hoja yenyewe ni fupi. Mkusanyaji wa katuni na beji si mtu anayependa tu vitu vya kale. Naye ni mhakiki. Anachagua kipi kihifadhiwe na kipi kitupwe, anapanga kipi kikae karibu na kipi, anatoa daraja, anaweka bei. Kila mkusanyo ni uhakiki uliofanyika bila kuandikwa. Sasa, kama ni hivyo, basi mkusanyaji naye aulizwe maswali yaleyale tunayowauliza wahakiki wengine: je, umesoma matini nzima? Umeacha nini, na kwa nini? Nitajaribu kuonyesha kwamba mara nyingi kile anachokiita kasoro ndicho kinachotueleza jinsi matini ilivyoishi na hadhira yake.

Mifano mingi nimeitoa Marekani, kwa kuwa huko desturi hii ni kongwe, ina minada yake, bei zake, na chama chake, American Political Items Collectors, kilichoanzishwa mwaka 1945. Mwishoni nitarudi kwetu. Kuna kitu kimoja cha rais wa Marekani kilichoandikwa kwa Kiswahili, na nusu yake imo nyumbani kwetu.

Tembo aliyetoka katika hekaya

Tuanze na mchoraji ambaye kila mkusanyaji wa katuni za zamani humtaja kwanza. Thomas Nast alizaliwa Ujerumani mwaka 1840, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, na akapata jina katika gazeti la kila wiki la Harper's Weekly la New York. Mwaka 1871 alimwandama William Tweed, kigogo wa siasa za jiji hilo aliyekuwa akila fedha za umma, wiki baada ya wiki. Inasimuliwa kwamba Tweed hakuogopa sana makala za magazeti, maana wengi wa wapiga kura wake hawakujua kusoma. Alichoogopa ni picha. Na alipotoroka akakamatwa Hispania mwaka 1876, inasemekana alitambuliwa kwa mchoro wa Nast. Hapa tayari tuna swali la kifasihi, swali la hadhira: kazi hii ilitungwa kwa ajili ya nani, na ilimfikiaje?

Lakini katuni ninayotaka tuisome ni ya tarehe 7 Novemba 1874. Wakati huo kulikuwa na maneno kwamba Rais Ulysses Grant angetaka kugombea muhula wa tatu. Nast alichora punda aliyevaa ngozi ya simba, akiwatisha wanyama wa msituni. Miongoni mwa wanyama hao yumo tembo mkubwa, ameandikwa kwamba ni kura za chama cha Republican, naye yuko ukingoni mwa shimo lililofunikwa kwa mbao zinazovunjika. Punda wa ngozi ya simba ni wa hekaya za Esopo, zile tulizozisoma tukiwa shule ya msingi. Nast mwenyewe aliweka maneno ya hekaya hiyo chini ya picha, na kwa utani akasema mtunzi wake ni Shakespeare au Bacon. Wenzangu wa somo la tamthilia mnaujua ugomvi huo, kwa hiyo hamna budi kutabasamu.

Mkusanyaji akiitafuta katuni hii, anamtafuta tembo. Ndiyo picha iliyompa mnyama huyu umaarufu kama nembo ya chama cha Republican, na bei yake imesimama hapo. Haya, mtazameni tembo mwenyewe katika hekaya. Ni mnyama mwenye nguvu kuliko wote waliomo, lakini ametishwa na punda! Hajui kutumia macho yake. Kwa ukubwa wake huohuo, anakaribia kuanguka shimoni. Yaani nembo ya fahari ilizaliwa ikiwa kejeli. Baadaye tembo alitolewa msituni, akapigwa muhuri kwenye beji, akasimama wima bila shimo, bila mbao, bila punda. Hajabadilika umbo sana. Kilichobadilika ni kwamba ametolewa ndani ya kisa.

Tangu kidato cha tano tumekaririshwa kwamba fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu moja. Tumeyaandika maneno hayo kwenye mitihani mpaka yamepoteza ladha. Nadhani tembo wa Nast anayarudishia maana yake. Ukiichukua taswira peke yake na kuliacha tukio lililoizaa, hubaki na nusu ya maana. Unaweza kubaki na kinyume chake kabisa.

Sentensi iliyokatwa katikati

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Harper's Weekly la tarehe 5 Agosti 1865 lilitoka miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Nast alichora picha mbili katika kurasa mbili zinazotazamana. Katika ukurasa wa kushoto, Columbia, mwanamke anayewakilisha taifa, ameketi akiwaza, na mbele yake wakuu wa Kusini walioshindwa vitani wanaomba msamaha. Katika ukurasa wa kulia Columbia huyohuyo amesimama kando ya askari Mweusi aliyepoteza mguu akiipigania nchi. Chini ya picha kuna sentensi moja tu, na sentensi hiyo inavuka kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kushoto Columbia anajiuliza kama awaamini watu wale. Kulia anamalizia: na nisimwamini huyu?

Ona alivyoifunga hoja yake. Kiima na kitenzi viko upande mmoja, shabaha iko upande wa pili. Msomaji wa mwaka 1865 alilifungua gazeti na kuona kurasa zote mbili kwa jicho moja. Hakuweza kumhurumia askari bila kuwaona wale wanaopiga magoti mkabala naye. Swali linahusu haki ya kupiga kura, na linauma kwa sababu ya ulinganisho.

Siku hizi picha ya kulia mara nyingi huonyeshwa peke yake. Ni rahisi kueleweka: askari, mkongojo, bibi mwema. Na biashara ya katuni za zamani nayo inasaidia utengano wa namna hiyo, kwa sababu magazeti mengi yaliyokuwa yamejalidiwa kwa mwaka mzima huchanwa na kuuzwa ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa wenye katuni unapata fremu na kioo. Makala iliyokuwa nyuma yake inageuzwa ukutani, na kurasa zisizo na picha nani azitake? Picha ya askari ikikaa peke yake inakuwa ya huruma. Zikikaa zote mbili ni mashtaka. Hizo ni tanzu mbili tofauti, jamani.

Na hatari haiishii kwenye ukurasa mmoja. Tarehe 9 Desemba 1876, miaka kumi na mmoja baadaye, Nast huyohuyo alichora jalada lenye mizani. Upande mmoja wa mizani amekaa mtu Mweusi wa Kusini, upande wa pili Mwairishi wa Kaskazini, wote wamechorwa kwa sura za dhihaka, na ujumbe ni kwamba kura za wajinga hawa wawili zinalingana uzito. Wakati huo matokeo ya uchaguzi wa Hayes na Tilden yalikuwa bado yanagombaniwa. Basi yule mtu aliyestahili kura mwaka 1865 amekuwa mzaha mwaka 1876, kwa kalamu ileile, katika gazeti lilelile.

Mkusanyaji mwenye picha ya kwanza tu anaye Nast mtetezi wa wanyonge. Mwenye ya pili tu anaye Nast mbaguzi. Wote wawili wana karatasi halisi, hakuna aliyedanganywa na mwuzaji, na bado wote wawili wana mwandishi wa uongo. Naomba tusiwacheke. Sisi wenyewe mara ngapi tumemhukumu mshairi kwa shairi moja lililokuwamo kwenye silabasi?

Beji, tepe na tusi lililogeuzwa sifa

Vitu vya kampeni vina tabia moja ambayo katuni ya gazeti haina: havisomwi tu, huvaliwa. Anayevaa anakuwa msemaji. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi hili si geni, maana tunafundishwa kwamba fanani na hadhira huweza kubadilishana nafasi.

Mfano mzuri ni kampeni ya mwaka 1840. Gazeti moja la Baltimore lililompinga William Henry Harrison liliandika kwa dharau kwamba mzee huyo akipewa pipa la pombe ya tufaha na pensheni, atatulia zake katika kibanda cha magogo. Wafuasi wake hawakukana. Walilidaka tusi lenyewe, wakachora kibanda na pipa kwenye tepe, medali, sahani na vitambaa, wakajenga na vibanda vya kweli kwa mikutano. Harrison akawa mtu wa watu. Ukweli ni kwamba alizaliwa katika nyumba kubwa ya shamba la matajiri huko Virginia. Alishinda, akaapishwa Machi 1841, akafa Aprili baada ya mwezi mmoja tu. Kibanda kikabaki kwenye sahani. Huu ni utani wa kujibizana kama wa majirani wenye kujuana: ukinirushia neno, nalivaa mimi mwenyewe, nione utasema nini tena.

Mwaka 1896 ukaleta beji tunayoijua leo, picha ya karatasi iliyofunikwa kwa seluloidi nyembamba, ikabanwa na bati na kuwekwa pini nyuma. Kampuni ya Whitehead and Hoag ya Newark ilizitengeneza kwa wingi na kwa bei ndogo. Ugomvi wa mwaka huo ulikuwa wa fedha: McKinley alisimamia dhahabu, Bryan alitaka fedha nyeupe nayo itumike. Wafuasi wa McKinley walivaa pini za mdudu wa dhahabu, na wa Bryan wakavaa mdudu wa fedha. Fikiria nadharia nzima ya uchumi imekuwa mdudu kwenye ukosi wa koti! Kama hiyo si jazanda, basi sijui tunafundishwa nini.

Sasa njoo kwenye bei. Beji inayosifiwa kuliko nyingi ni ya mwaka 1920, yenye picha za James Cox na mgombea mwenza wake, Franklin Roosevelt. Walishindwa vibaya, na beji zenye nyuso zao wawili zilikuwa chache. Sasa zimeuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Roosevelt baadaye alishinda urais mara nne, 1932, 1936, 1940 na 1944, na beji zake za ushindi zipo tele, kwa hiyo ni rahisi. Kwenye mnada sauti ya walioshindwa ina thamani kubwa. Ungedhani hiyo ni haki ya kihistoria. Hapana. Ni uchache tu. Mnunuzi halipii walichosema Cox na Roosevelt, analipia ukweli kwamba walikisema kwa beji chache.

Na kinachoshusha bei ni nini? Kutu kwenye pini, doa la maji kwenye karatasi, mkwaruzo. Beji bora ni ile isiyowahi kuvaliwa. Hapo ndipo mimi na mkusanyaji tunapoachana njia. Beji isiyovaliwa haikuwahi kumsemea mtu. Kutu ile inaniambia kwamba palikuwa na koti, na mvua, na mtu aliyesimama mkutanoni akisubiri mgombea. Doa ni maoni ya msomaji wa kwanza.

Hata hivyo nisiwe mchoyo wa shukrani. Bila wakusanyaji vitu hivi vingekwenda jalalani muda mrefu kabla wasomi hawajavipa jina. Na wana nidhamu ambayo sisi hatuna. Wao huigeuza beji kusoma jina la mtengenezaji nyuma yake, ili wajue mwaka. Wanatofautisha ya kweli na ya kuigiza kwa aina ya karatasi. Marekani ina hata sheria, ya mwaka 1973, inayotaka vitu vya kisiasa vilivyoigizwa viwekwe mwaka vilipotengenezwa. Sisi tunanukuu riwaya kutoka nakala ya fotokopi isiyo na jalada, na mwaka wa toleo tunaubahatisha. Mimi mwenyewe kurasa za Harper's nimezisomea kwenye kompyuta, ambako karatasi haina mgongo wa kugeuza.

Maandishi mwilini

Mwaka 1884 gazeti la vichekesho la Puck, lililochapa katuni zake kwa rangi, lilitoa mchoro wa Bernhard Gillam uliomwonyesha James Blaine, aliyewania uteuzi wa chama cha Republican, akivuliwa shuka mbele ya wakuu wa chama chake. Mwili wote umechanjwa maneno, na kila chale ni jina la kashfa. Mwili wa mwanasiasa umekuwa ukurasa. Katuni hiyo ilimfuata Blaine kampeni nzima, na uchaguzi akashindwa na Grover Cleveland.

Nilipoiona mara ya kwanza nilijiambia, mbona sisi tunayajua haya? Kwetu maandishi mwilini ni jambo la kila siku, ila yamo kwenye nguo, na anayeyachagua ni mvaaji. Ndiyo maana nafika kwenye kanga.

Barack Obama aliposhinda urais Novemba 2008, Afrika Mashariki ilitoka kanga yenye uso wake katikati na maneno HONGERA BARACK OBAMA. Jina la kanga lilikuwa: UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Kanga hiyo sasa imo katika mikusanyo, mmojawapo ni wa British Museum, London. Wanaokusanya vitu vya marais wa Marekani wanaitafuta.

Hebu tuisome kama tunavyosoma mshororo. Kwanza, Obama hayumo katika sentensi ya jina. Mtenda ni Mungu, naye amewekwa mwisho. Upendo na amani vimetangulia. Rais amepewa hongera yake pembeni kama mwana wa jirani aliyefaulu mtihani, kisha shukrani zikapelekwa zinakostahili. Pili, kuna kiambishi -tu-. Ametujalia sisi nani? Waliopiga kura Marekani hawasomi Kiswahili. Mwenye kuivaa kanga hii hakuwa na kura huko. Hii ni kazi ya hadhira isiyokuwamo kwenye daftari la wapiga kura, ikajiingiza ndani ya uchaguzi kwa silabi moja. Sijui beji ya Kimarekani inayofanya hivyo.

Shangazi yangu alinunua doti moja. Mwaka juzi alikuja mtu mtaani kwake akitafuta vitu vya Obama vya wakati ule. Akaiangalia kanga, akasifu rangi, kisha akauliza kipande cha pili kiko wapi. Alitaka doti kamili, ikiwezekana isiyokatwa wala kupindwa. Shangazi akamwambia kipande cha pili hakipo. Bwana yule akamshukuru kwa adabu na kwenda zake. Kwa uhakiki wake, matini ilikuwa pungufu.

Kipande cha pili kiko kwetu. Mwaka ule shangazi na mama, yaani mtu na wifi yake, walikuwa hawasemezani kwa miezi, kwa sababu zisizohusu uhakiki. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ukimya wa nyumba. Jioni moja shangazi akaja, hakusema neno juu ya ugomvi. Alikuwa amejifunga kanga ya Obama, na mkononi ana kipande kingine kimekunjwa. Akamwekea mama mapajani. Mama akakikunjua, akasoma, akacheka mpaka akafuta macho, akainuka akakijifunga. Wakakaa sare. Baadaye kipande hicho kilikuwa mbeleko ya mdogo wangu, na sasa rangi imepauka na pindo moja limeachia.

Siku ile -tu- ilipata maana yake. Haikuwa Marekani tena wala Afrika Mashariki. Ilikuwa ni wao wawili. Shangazi hakutunga maneno yale, lakini aliyatoa kwa mlengwa wake, kwa wakati wake, kwa mkasi. Doti iliyokatwa ndiyo toleo kamili la matini hii. Ile isiyokatwa bado inasubiri kusemwa.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba kukusanya ni kuhakiki. Tembo aliyetolewa katika hekaya anageuka sifa, ukurasa uliotenganishwa na mwenzake unageuka huruma, na beji inathaminiwa zaidi kama haijawahi kuvaliwa. Sisemi mikusanyo ivunjwe. Nasema anayekusanya, na anayehakiki, aandike pia kilichotokea kwa kitu: nani alikivaa, alikaa mkabala na nani, na kwa nini kimechanika.

Kwa wenzangu na walimu wetu nina ombi moja. Uchaguzi unapokwisha, fulana, kofia na kanga za kampeni zinakwenda kulimia na kudekia. Tafadhali, kabla hazijaisha, mwulizeni mwenye nayo aliivaa siku gani na kumwambia nani. Mwandike. Gharama yake ni daftari.

Na kwa mwenzangu wa nyuma aliyeuliza kama hii nayo ni fasihi: nimeleta hoja. Kama ina mapengo, nipinge katika toleo lijalo, nami nitajibu. Mama amekataa kunikopesha kanga yenyewe niilete darasani. Anasema nikitaka kuiona niende nyumbani.